Hesabu ya Tanbihi

Mwanachuoni atajapo kazi ya mwenzake katika tanbihi huacha unyayo. Nyayo hizo zikikusanywa na kuhesabiwa, huonyesha nani alijifunza kwa nani, na njia gani za elimu zimepitwa na wengi. Eugene Garfield wa Marekani alichapisha fahirisi ya marejeo ya sayansi mwaka 1964. Ile ya fasihi, historia na sanaa ilianza mwaka 1978.

Fahirisi hii ya pili ilipekua majarida, hali wasomi wa fasihi huandika zaidi vitabu. Kitabu kilichotajwa ndani ya kitabu kingine mara nyingi hakikuingia katika hesabu.

Nami nilijaribu kuchora kwa mkono ramani ya masomo ya tenzi. William Hichens, aliyehariri Al-Inkishafi mwaka 1939, alipata mahali pake upesi. Lakini Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyemnakilia miswada, nimweke wapi? Hesabu humjua mwandishi na mhariri, mnakili haimjui.

Nikafungua tasnifu yangu mwenyewe ili niwalaumu wengine kwa haki. Mzee aliyenisomea na kunifasiria beti, usiku baada ya usiku, nilikuwa nimemshukuru katika dibaji kwa mstari mmoja. Katika tanbihi zangu zote hakuwamo. Niliona haya, maana shukrani haihesabiwi, na ramani niliyoilaumu nilikuwa nimesaidia kuichora.

Sasa kila nitumiapo maneno yake, jina lake huliandika chini ya ukurasa, pamoja na mahali na mwaka aliponifunza.