Watamu si Bahari Pekee

Wengi wakienda Watamu huishia ufukweni. Sisi marafiki watano tuliingia msitu wa Arabuko-Sokoke pamoja na mwongozaji. Farasi wala punda hatukuwa nao; mizigo tuliibeba mgongoni, tukafuata njia ya mchanga mwekundu.

Msitu huu una kilomita mraba zipatazo 420. Ndani mna ndovu, nao wakitoka humaliza mahindi ya majirani. Mkulima wa namna hiyo ataupendaje msitu? Ndipo mwaka 1993 ukaanza Mradi wa Kipepeo, Gede. Wanakijiji hukamata vipepeo wazazi msituni, hulea viwavi wao, na wakishajifunga huwauza ng'ambo. Msitu ukifyekwa, mapato nayo yamekwisha.

Basi, msomaji, wapitishe watoto Gede kwanza, bahari itawangoja.