JICHO LANGU LA KUSHOTO LILICHEZA WIKI NZIMA, NIKAJUA TU KUNA MSIBA UNAKUJA

Leo sina umbea wa msanii wala wa bwana harusi aliyeingia mitini. Leo ni mimi mwenyewe na mama yangu. Kaniruhusu niandike kwa sharti moja tu: jina lake kapuni.

Ilianza usiku mmoja nipo naediti video ya harusi. Kope la chini la jicho la kushoto likaanza kucheza. Linacheza, linatulia, linacheza tena. Nikaenda kwenye kioo, hata halionekani vizuri, ila mimi nasikia kama kuna mdudu anatembea ndani.

Sasa nyie mnajua tulivyolelewa. Kope la juu likicheza, utaonana na mtu ambaye hujamwona siku nyingi. La chini likicheza, utalia. Na la kushoto tena! Najua kuna ambao kwao la kulia ndio baya, ila nyumbani kwetu la kushoto ndio habari mbaya.

Basi nikaanza kuhesabu watu wangu. Nani anaumwa? Nani yuko safarini? Nikamkumbuka mama, yuko Muheza peke yake na ana presha. Nikampigia saa tano usiku.

"Shikamoo mama. Uko salama?"

"Marahaba mwanangu. Niko salama, kwani kuna nini?"

Nikasema hamna kitu, nimekukumbuka tu. Kesho yake nikapiga mara tatu. Keshokutwa mara nne. Kila nikimaliza kupiga jicho linacheza zaidi, na mimi hofu inazidi.

Siku ya saba nikamwambia jirani yangu, dada mmoja muuguzi. Akaangalia meza yangu, akacheka. Akaniuliza nalala saa ngapi. Nikamwambia saa kumi alfajiri, naamka saa mbili. Akahesabu makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu, yapo matano. Akasema, "Unatafuta msiba kwenye kope wakati msiba wako ni haya makopo."

Akanielewesha taratibu. Misuli ya kope ni midogo na laini sana. Ukikosa usingizi, ukawa na mawazo, ukakodolea kioo cha simu au kompyuta mpaka macho yakauke, ukabugia kahawa au hayo makopo, ile misuli inaanza kujichezea yenyewe. Mara nyingi haina madhara, inaisha yenyewe baada ya siku kadhaa au wiki chache. Dawa yake ni kulala, kupunguza hivyo vinywaji, kupumzisha macho, na kuweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya jicho.

Nikafanya hivyo. Siku ya nne likaacha. Hakufa mtu.

Nikampigia mama nimwambie ile kesi tucheke. Nikamsimulia yote, mpaka makopo. Hakucheka. Akakaa kimya, mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi la kwangu huu mwaka wa pili."

Wadau, mama yangu alikuwa hataki kabisa tupigiane kwa video. Kila nikimwambia, anasema bando limeisha. Siku hiyo nikamtumia bando mwenyewe, nikamlazimisha awashe. Jicho lake la kulia linafumba lenyewe kabisa, halafu shavu linavutika, na pembe ya mdomo inapanda juu. Linaachia, linavuta tena. Ameshika kanga karibu na uso kama mtu anayeficha kidonda.

Kumbe mtaani walimwambia karogwa. Wengine wakasema anawakonyeza waume za watu! Alishaacha kwaya. Mtaji wa vitumbua ulishakwenda kwa mganga, na hajaniambia kitu ili asinipe mawazo. Mimi kila siku nauliza "uko salama?" na yeye kila siku anajibu "niko salama."

Nikampeleka hospitali. Daktari wa macho akamwangalia, akatuandikia twende kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Akapigwa picha ya kichwa ili wajue hakuna uvimbe. Tukaambiwa mara nyingi tatizo hili linakuja pale mshipa wa damu unapogusa ule mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso, karibu na unapotokea kwenye ubongo. Ndio maana ni upande mmoja tu. Linaanza kwenye jicho, linashuka taratibu mpaka mdomoni. Hakuna mchawi hapo.

Matibabu yake ni sindano ndogo ndogo za kulegeza misuli, zinachomwa usoni. Haziponyi moja kwa moja, zinatuliza kwa miezi mitatu hivi, halafu unarudia. Kuna na upasuaji, ila huko hatujafika. Bei ya sindano imenitoa jasho, hela ya harusi mbili imeishia hapo. Lakini wiki ya pili baada ya sindano mama alinipigia mwenyewe kwa video. Uso umetulia. Jumapili iliyofuata akarudi kwaya.

Sasa nawaambia nyie mnaoishi kwenye simu kama mimi. Jicho likicheza kidogo, lala kwanza. Ila nenda hospitali kama:

- Wiki mbili tatu zimepita na haliachi.
- Kope linafumba lenyewe kabisa, au linalegea na kuning'inia.
- Mchezo umehamia shavuni, mdomoni au jicho la pili.
- Jicho ni jekundu, limevimba au linatoa uchafu.
- Limeanza baada ya kubadilishiwa dawa.

Na kama uso umeanguka ghafla upande mmoja, mkono hauna nguvu au maneno hayatoki vizuri, usisubiri hata asubuhi. Hicho kinaweza kuwa kiharusi, kimbia muda huo huo.

Sindano nyingine ya mama ni mwezi ujao, kwa hiyo mwenye harusi anitafute, bei tutaelewana. Na wewe, leo mpigie mama yako kwa video. Akisema bando limeisha, mtumie.

Kwenu jicho gani ndio la msiba? Tupia maoni hapo chini.