Mto Usiotulia Ramanini

Nilipokwenda Balambala kufanya mradi wangu wa shahada ya upimaji ardhi, niliuchora Mto Tana kuwa mpaka usiosogea. Mzee mmoja mfugaji akaitazama ramani, akasema, "Mwanangu, mto huu huhama." Kweli, Tana hula ukingo mmoja na kuujaza wa pili. Nilishtuka. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi hupimwa ndipo isajiliwe. Mstari kama wangu ungeweza kuwanyima watu malisho na maji. Msimamizi wangu hakunikemea. Aliniuliza tu mto niliupima lini. Nikarudi ukingoni na mzee, nikapima upya, nikaandika tarehe. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Balambala, aliyepona ni mgeni.