Fundi Hakuwa na Makosa

Wasee, leo nakuja kuomba msamaha hadharani. Nilimlaumu fundi wa maji wa mtaa wetu bure.

Stori ni hivi. Nilikuwa nimemuundia mathe kidude cha tangi: boya likifika juu linafunga swichi, volti kwenye pini inashuka kutoka 3.3 hadi 0, king'ora kinalia, anazima pampu. Kilifanya kazi poa sana. Halafu nikaamua kuhamisha bodi kutoka toleo la kitambo la Zephyr, mfumo endeshi wa wakati halisi, hadi toleo jipya. Wiki hiyo hiyo fundi alikuwa amebadilisha boya. Tangi likajaa, king'ora kimya. Maji yalimwagika usiku mzima, na bili analipa mathe. Nikamwambia fundi mbele ya watu kwamba ameharibu waya.

Multimita ikaniaibisha. Niliinua boya kwa mkono: 3.3, kisha 0. Waya ziko sawa. Nikaandika programu fupi ya kusoma pini kila sekunde, ikaona mabadiliko. Yaani pini inaongea, lakini hakuna anayeamshwa.

Intarapti ni kama matatu. Dereva haulizi kila mita kama kuna mtu anashuka. Makanga akigonga gari, anasimama. Zamani kwenye Zephyr ulipanga pini pamoja na intarapti yake kwa amri moja, kisha ukaiwasha kwa nyingine. Kuanzia toleo la 2.2, mwaka 2020, intarapti ina amri yake: gpio_pin_interrupt_configure. Ile ya kuwasha ilipitwa na wakati, baadaye ikaondolewa.

Na aibu yangu iko hapa. Nilipojenga programu kwenye toleo jipya, kompyuta ililalamika kwamba haijui amri ya kuwasha. Nilifanya nini? Nilifuta kila ilicholalamikia. Makosa yakaisha, nikalala. Makanga nilimtoa kwenye gari mwenyewe.

Dawa ilikuwa mstari mmoja. King'ora kikalia, mathe akashtuka jikoni.

Jana nilimtafuta fundi, nikamwambia ukweli mbele ya wale wale watu. Alicheka tu, akaniambia, "Kijana, siku nyingine pima kwanza."

Amesema yote. Wewe umewahi kumsingizia nani makosa yako?