Kingo za chapati na mafuta ya hidrojeni

Wasomaji, leo naomba tuweke msimbo kando kidogo. Tutaurudia kabla sijamaliza.

Ukipitisha umeme majini, maji hugawanyika: hidrojeni upande huu, oksijeni upande ule. Wengi tuliliona jaribio hilo sekondari. Tusichoambiwa ni bei yake. Kilo moja ya hidrojeni hudai kilowati-saa 39 hivi hata kwa mtambo usiopoteza chochote, na mitambo halisi hula 50 au zaidi. Sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea juu ya elektrodi, na kichocheo ndicho kinachoipunguza. Upande wa hidrojeni bingwa ni platini. Upande wa oksijeni, katika mitambo ya utando wa asidi, ni iridiamu, ambayo dunia nzima hupata takriban tani 7 au 8 tu kwa mwaka. Mzigo wa lori moja!

Basi mbadala utoke wapi? Hapa ndipo mtu wa tarakilishi kama mimi anapokaa wima. Mwaka 2005 kundi la Jens Nørskov, Denmark, lilikokotoa kwa tarakilishi jinsi atomi ya hidrojeni inavyonata juu ya vitu mbalimbali. Ikinata mno haibanduki, isiponata haikai. Walianza na kimeng'enya cha bakteria wa aina ya wale wakaao kwenye mizizi ya maharagwe, kisha wakaona kwamba kingo za molibdeni salfaidi zinafanana nacho. Molibdeni salfaidi! Mafundi wa magari wanaijua kwenye grisi nyeusi, na tangu miaka ya 1970 wanakemia walikuwa wameiona kuwa kichocheo hafifu.

Mwaka 2007 Thomas Jaramillo, Ib Chorkendorff na wenzao walitengeneza vipande vyake vya nanomita chache juu ya dhahabu, vya ukubwa tofauti, wakavipima. Kasi ya kutoa hidrojeni ilifuata urefu wa kingo, si eneo la uso. Chukua chapati moja uikate vipande: unga ni uleule, lakini kingo zimeongezeka. Ndiyo maana ya nano hapa, wala si neno la kupamba matangazo.

Sisi yanatuhusu nini? Septemba 2023 serikali yetu ilizindua mkakati wa hidrojeni ya kijani, mbolea ikiwa mbele. Na kule Olkaria usiku, matumizi ya umeme yakishuka, mvuke mwingine huachiwa uende hewani. Mvuke ule ungekuwa mbolea. Binafsi nadhani mitambo itakayotufikia kwanza ni ile ya zamani ya alkali, inayotumia nikeli, kwani molibdeni salfaidi bado haijaifikia platini, na upande wa oksijeni ndio mgumu zaidi. Lakini nisingependa tuwe wanunuzi wa mitambo tu milele.

Ukokotoaji wa namna hii hauhitaji maabara ya mamilioni. GPAW, programu huria iliyozaliwa Denmark, kwa kiasi kikubwa imeandikwa kwa Python, lugha ambayo wengi wenu mnaijua. Nimeiweka kwenye mashine yangu. Molekuli moja ya hidrojeni huchukua muda mfupi tu. Ukingo wenye atomi kadhaa ni habari nyingine, feni inalia usiku kucha na bili ya umeme ni yangu. Mwenye seva iliyolala anitafute.