Tume ya Nyota na Maji ya Kisima Chetu

Tume yenyewe ina makao makuu kwenye mwezi usio na hewa, ina makamishna kumi na mmoja, na haijawahi kukanyaga Singida. Waliiunda wanafunzi wangu wa klabu ya uandishi, Alhamisi moja baada ya vipindi, katika darasa ambalo madirisha ya upande wa mashariki hayana vioo. Wakati wa kipupwe upepo wetu huingia humo bila hodi na kugeuza kurasa za madaftari kabla mwenyewe hajamaliza kusoma. Nafundisha Kiswahili na Jiografia. Klabu ina wanafunzi kumi na wanne. Hupungua msimu wa kuvuna alizeti, huongezeka ikivuma habari kwamba kuna biskuti.

Mwanzo walitaka vita. Wote wameziona filamu za anga kwenye kibanda umiza, zile anazosimulia mtu kwa Kiswahili juu ya sauti za Wazungu, na kila aliyesimama kusoma alikuwa na meli mbili zinazorushiana moto. Nikawaambia wasipigane kwanza, waniambie hizo meli nani amezilipia. Basi wiki iliyofuata wakaja na serikali: Muungano wa Nyota Saba, wenye rais, bunge na kodi ya mwanga. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye mjomba wake ni dereva na amewahi kuendesha gari la watafiti, akasema serikali inayotawala nyota saba haiwezi kukosa COSTECH yake. Wenzake wengi hawakujua ni kitu gani. Akawaeleza, "Ni wale ambao usipokuwa na karatasi yao huruhusiwi kumuuliza mtu swali."

Maelezo hayo si ya kitabuni lakini hayako mbali. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986, ikachukua nafasi ya Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi lililoanzishwa mwaka 1968, ambalo watu walilijua kwa jina moja tu, UTAFITI. Kazi yake ni kuishauri serikali kuhusu sayansi, kuratibu tafiti na kutoa vibali vya kuzifanya. Ofisi iko Kijitonyama, Dar es Salaam, na kituo cha daladala cha hapo kinaitwa Sayansi. Nilipokuwa nasoma huko nilikuwa nafurahi kila kondakta akipiga kelele, "Sayansi! Sayansi wapo?" na abiria mmoja mwenye kikapu cha dagaa akajibu, "Shusha."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Tume ya Utafiti na Sera ya Muungano wa Nyota. Nilidhani wataanza na maabara au darubini kubwa. Walianza na mhuri. Ukurasa mzima wa kwanza ulikuwa juu ya barua: inatoka mwezini kwa Kamishna Mkuu, inashuka kwa Katibu Tawala wa Nyota, inashuka kwenye sayari, kisha kwa mtendaji wa bara, kwa mtendaji wa kijiji, na kila inapotua inagongwa muhuri mwingine, mpaka inapomfikia mwenyekiti wa kitongoji imekuwa nzito kuliko mtu aliyeibeba. Nilicheka peke yangu nikisahihisha. Sijui mwandishi gani wa hadithi za kubuni, awe wa Marekani au wa wapi, amewahi kuiona serikali ya anga kwa jicho hili, kutoka chini kabisa, mahali ambapo barua huishia. Ukiwa huko chini, Kijitonyama na mwezi usio na hewa vina umbali uleule.

Nikaona niwaonyeshe kwamba mambo ya nyota yalishatufikia zamani. Niliwasimulia kituo cha Tunguu, Zanzibar, ambako Wamarekani walifuatilia vyombo vyao vya Mercury, na ambacho kiliondolewa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Niliwasimulia pia Desemba 1976, wakati nchi kadhaa za ikweta, Kenya, Uganda na Zaire zikiwamo, zilipotia saini azimio huko Bogotá kwamba ile njia ya setilaiti iliyo juu ya vichwa vyao, kama kilomita 36,000 kutoka ardhini, ni mali yao na anayetaka kuegesha chombo hapo aombe ruhusa. Mataifa makubwa hayakukubali. Mkataba wa mwaka 1967 unasema anga za juu haziwezi kumilikiwa na nchi yoyote. Darasa liligawanyika. Nusu waliona ni kichekesho, nusu wakasema ndivyo inavyotakiwa, mtu akipita shambani kwako abishe hodi.

Lakini hadithi haikwenda upande huo. Ilikwenda kwenye maji, na aliyeipeleka ni msichana ambaye akicheka huziba mdomo kwa kiganja.

Namfahamu mtu wa namna hiyo hata akiwa mbali, maana na mimi nilikuwa hivyo mpaka nilipofika chuo. Meno yangu ya mbele yana michirizi ya kahawia, kama chai iliyomwagikia karatasi ikakauka. Ya dada yangu ni mabaya zaidi, yana vishimo. Picha zote za shule tumefumba midomo kama watu waliofiwa. Mjini wanadhani ni tumbaku au uchafu. Ukiwaambia unapiga mswaki mara mbili kwa siku wanakuangalia kwa huruma. Ni floraidi, madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba na kuingia kwenye maji ya ardhini. Miamba ndiyo tuliyo nayo: mgeni akifika Singida kitu cha kwanza anachopiga picha ni majabali. Jino linapojengwa likiwa bado ndani ya ufizi, floraidi ikizidi huharibu ile ngozi ngumu ya nje, na jino hutoka na doa ambalo halisafishiki. Baada ya miaka minane hivi hatari hiyo kwa meno ya mbele huwa imepita, kilichoharibika kimeharibika. Anayekunywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi huumia mpaka mifupa.

Bibi yangu alizikwa na meno meupe. Alikulia akinywa maji ya kijito cha msimu na ya madimbwi, ambayo yalikuwa na kila mdudu unaoweza kumtaja. Kisima kirefu cha pampu kilipochimbwa kijijini yeye alikuwa ameshazaa. Sisi wajukuu tulikulia kwenye pampu. Maji yake yalikuwa baridi na maangavu, hayakutuharisha, na mama aliyachemsha kwa makini kila jioni kama alivyofundishwa kliniki. Kuchemsha huua vijidudu. Floraidi hubaki sufuriani, na kwa sababu sehemu ya maji imeondoka na mvuke, huzidi kidogo.

Nikiwa darasa la tatu walikuja watafiti, kwenye gari jeupe. Mwalimu mkuu alitusomea barua yao, akainua juu tuone mihuri. Tulipangwa mstari uwanjani kwa urefu. Mmoja wao, kijana mpole, aliinua mdomo wangu wa juu kwa kijiti cha mbao, akamtajia mwenzake namba, mwenzake akaandika. Walichota maji ya pampu kwenye vichupa vidogo, wakatupa kila mmoja penseli, wakaondoka. Penseli yangu ilikuwa ya kijani na niliitumia mpaka ikawa ndogo kama kidole cha mtoto. Hiyo penseli ndiyo matokeo pekee ya utafiti yaliyofika kijijini kwetu.

Sikuwaambia wanafunzi habari hizi. Yule msichana aliandika mwenyewe kwamba Tume ya Nyota imetuma chombo kwenye sayari ya mwisho, nyota ya saba, ambako watu wana meno kama kutu. Chombo kinachukua maji, kinapima, kinapaa. Akasoma mpaka hapo, akakaa.

"Na majibu?" akauliza mwenzake.

"Majibu yako mwezini."

Ndipo ukaanza ubishi ambao ulitula wiki tatu. Msichana alitaka sheria ya Tume iwe na kifungu cha kurudisha majibu kwa wenye maji. Yule kijana wa COSTECH, ambaye kwa wakati huo alikuwa amejiteua Mweka Hazina wa Muungano, akapinga. Hoja yake ilikuwa hivi: "Tume ikisema maji ni mabaya, Muungano lazima ulete maji mengine. Meli ya maji kutoka nyota ya jirani inatumia miaka arobaini. Wale watu watakunywa nini? Bora Tume isiseme ni mabaya. Ipandishe namba."

"Namba gani?"

"Namba ya ubaya. Kama mabaya yanaanzia mbili, iseme yanaanzia kumi. Hapo maji ni salama na hakuna aliyedanganya."

Darasa zima walimzomea. Mimi sikuzomea, kwa sababu alikuwa ameivumbua mwenyewe, kwa akili yake, akiwa na sare iliyochanika kiwiko, sera ya maji ya Tanzania ya mwaka 1974.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Viwango vya muda vya maji ya matumizi ya nyumbani vya mwaka 1974 vilikubali hadi miligramu 8. Baadaye namba ikashuka hadi 4, na siku hizi, kama ilivyo kwa kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki, ni 1.5. Niliziandika ubaoni moja chini ya nyingine: 8, 4, 1.5. Niliwaambia kwamba kati ya namba hizo miamba haikubadilika hata kidogo.

Waliokaa kwenye meza ile mwaka 1974 siwezi kuwaita watu wabaya, na niliwakataza wanafunzi kuwafanya majini wenye pembe. Ilikuwa nchi inayojaribu kufikisha maji safi vijijini, ikiwa na fedha kidogo. Wangeandika 1.5, visima vingi vingekuwa haramu siku hiyo hiyo, na akina bibi wangerudi kwenye dimbwi lenye kipindupindu. Walichagua meno yaharibike watoto waishi, na ukinipa kalamu yao sioni ningeandika nini tofauti. Hata neno "muda" walilitia kwa uaminifu. Ninachowadai ni kidogo zaidi ya hapo. Namba ile ilikuwa uamuzi juu ya vinywa vyetu, na katika miaka yote niliyokwenda kisimani na ndoo kichwani hakuna mtu aliyesimama pale akasema: maji haya mkubwa anaweza kunywa, mtoto mdogo mtafutieni mengine mkiweza. Sentensi hiyo haihitaji meli ya miaka arobaini. Ingetosha kwenye mkutano wa kijiji, kabla ya mengineyo.

Mweka Hazina alinisikiliza, kisha akauliza kama hakuna njia ya kuitoa. Ipo. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe hunasa floraidi. Kule Arusha, Ngurdoto, kuna kituo cha utafiti kinachoshughulika na jambo hilo. Darasa lilichangamka ghafla, maana mifupa hapa kwetu haijawahi kuwa taabu. Hadithi ikapata sura mpya yenye meli iliyosheheni mifupa, na kwa maoni yangu ndiyo sura mbovu kuliko zote.

Kifungu kilipigiwa kura Alhamisi ya mwisho ya muhula. Walikuwapo kumi na wawili. Kifungu cha 9: Tume ikichukua kitu kwa watu itarudisha jibu kwa watu hao, kwa lugha yao, kwa maneno na si kwa namba tupu, hata kama haina dawa. Saba waliunga mkono, watano walipinga. Mweka Hazina alipinga mpaka mwisho na akaomba iandikwe kwamba amepinga. Niliiandika.

Yule msichana hakuondoka na wenzake. Alisubiri nikusanye chaki, akauliza ile miaka minane inahesabiwa kuanzia lini. Nikamwambia tangu kuzaliwa. Akasema nyumbani kuna mdogo wake ana miaka miwili. Nikamwambia bado kuna nafasi kubwa, hasa kwa meno ya utu uzima, na kwamba mvua haina floraidi. Nyumba yao ina bati. Tulikaa tukapiga hesabu nyuma ya daftari lake: mtoto wa umri ule tukimkadiria lita moja kwa siku, miezi saba ya kiangazi, siku 210, madumu kumi na moja ya lita ishirini, ukikingia kuanzia mvua za Novemba na kuyajaza tena Aprili kabla hazijakatika. Madumu ya mafuta ya alizeti hayakosekani Singida. Kazi ni kuyasugua harufu itoke.

Mwezi Mei alinipata nje ya ofisi ya walimu. Hakuuliza habari ya hadithi, ambayo wenzake walikuwa wameirudisha vitani. Alisema yamepatikana madumu tisa, mama yake ameyapanga uvunguni mwa kitanda na hataki mtu mzima ayaguse, hata mgeni. Alitaka kujua kama maji yakikaa mpaka Novemba hayatafanya ukungu wa kijani. Nikamwambia ayafunike kabisa, mwanga usiingie, na ya kumpa mtoto yachemshwe kwanza. Hayo ya mvua kuyachemsha hakuna shida. Akaandika kwenye kiganja kwa kalamu ya wino, akaenda kuwahi foleni ya chakula.