Gololi juu ya tufe

Kwenye riwaya zetu msuguano ni wa watu: mke na mume, kijiji na serikali. Kwenye fizikia una kazi nyingine, na mimi ndiyo naipenda zaidi.

Iachie gololi kileleni mwa tufe lisilosogea. Pasipo msuguano itateleza na kubanduka kwenye nyuzi 48 hivi kutoka wima. Ikibiringika bila kuteleza, hesabu inatoa nyuzi 54. Siyo kwamba msuguano unaigandisha, jamani, unaizungusha. Sehemu ya nishati inaingia kwenye mzunguko, mwendo unapungua, inachelewa kubanduka. Ila vitabu vingi vinanyamazia jambo moja: ikikaribia kubanduka, gololi karibu hailikandamizi tena tufe, na msuguano hutegemea mkandamizo. Lazima iteleze kidogo mwishoni, na hiyo 54 haifiki.

Nilimweleza hayo mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha tano. Mimi na baba yake hatusemezani mwaka wa pili sasa, kisa shamba. Akachora, akafuta.

“Shangazi, inaanza kuteleza wapi hasa?”

Inategemea nyuso zenyewe, nikamwambia, na hesabu yake ni ndefu.

Jumamosi iliyofuata aliniletea jibu, kurasa mbili, kwa mwandiko wa baba yake.